Kazi ya klaudi inalipa asilimia 15 zaidi. Niache kuandika programu?

*Shikamoo Shangazi,*

*Nina miaka 27. Kwa miaka minne sasa natunza seva katika kampuni ya ukubwa wa kati. Naongeza watumiaji, naweka masasisho ya usalama, nahakikisha nakala rudufu zipo, na mtu akisema "mfumo umelala" ndiye mimi ninayetafutwa. Kuandika programu nimejifundisha mwenyewe usiku, kwa lugha ya Python. Miezi minane iliyopita nikaanza kutuma maombi ya kazi nyingine.*

*Mungu si Athumani, zimekuja mbili ndani ya wiki moja. Ya kwanza ni ya mhandisi wa programu katika timu ya watu saba wanaotengeneza mfumo wa malipo. Nitaanzia ngazi ya chini kabisa. Ya pili ni ya mhandisi wa klaudi, yaani wa seva za kukodi kupitia mtandao, na mshahara wake umeuzidi ule wa kwanza kwa asilimia 15. Tangazo lao linataja Terraform na Kubernetes, vyombo vya kuagiza na kuendesha seva kwa maandishi, na zamu. Tutakuwa watatu, kwa hiyo kila wiki ya tatu nitashika simu usiku na mchana. Nilipouliza kama zamu inalipwa pembeni, niliambiwa imeshahesabiwa ndani ya mshahara.*

*Kaka yangu anasema nisipoteze muda na programu, kwamba akili mnemba itaziandika zote, niende klaudi. Rafiki niliyesoma naye anasema klaudi ni kazi ile ile ya kutunza seva iliyobadilishwa jina, na wenye mishahara mikubwa ni watengeneza programu. Kila mmoja ananitumia majedwali ya mishahara, na majedwali hayo yanapingana.*

*Nikueleze jambo moja. Mwezi uliopita diski ya seva moja ilijaa mara tatu ndani ya wiki mbili kwa sababu logi za programu fulani, yaani kumbukumbu inazojiandikia, zilikuwa zinarundikana. Mara mbili za mwanzo nilizifuta kwa mkono. Mara ya tatu nikaandika skripti, programu ndogo ya mistari kama 40. Inabana logi zilizopitisha siku saba, inafuta zilizopitisha siku 30, na nafasi ikipungua chini ya asilimia 20 inanitumia ujumbe. Nikaijaribu kwenye seva ya majaribio, kisha nikaiweka. Halafu nikakaa robo saa nzima nikiangalia grafu ya diski ikishuka. Kesho yake nikairudia, nikaigawa katika sehemu ndogo tatu, nikaiandikia majaribio, ingawa hakuna aliyeniagiza. Sijawahi kuifurahia kazi kama siku zile mbili.*

*Ninachouliza ni hiki: ipi itanilipa zaidi baada ya miaka mitano? Na je, nianze kwa kutafuta cheti cha klaudi? Nina mpaka Ijumaa ijayo kuwajibu.*

*Wako, niliye njia panda*

---

Marahaba, mwanangu.

Naanza na pesa, maana ndiyo uliyoiuliza, na kuuliza pesa si aibu. Mtu anauza muda wake, lazima ajue bei.

Majedwali yanapingana kwa sababu hakuna kazi moja inayoitwa mhandisi wa klaudi. Chukua mfano wa Ofisi ya Takwimu za Kazi ya Marekani, ambayo huhesabu mishahara fani kwa fani. Haina safu ya "klaudi". Ina safu ya watengeneza programu, ambao mshahara wao wa katikati ulikuwa dola 133,080 kwa mwaka, kwa hesabu ya Mei 2024. Ina wasanifu wa mitandao ya kompyuta, dola 130,390. Na ina wasimamizi wa mitandao na mifumo, dola 96,800. Usizichukue namba hizo kama mshahara wako, zina nchi yake. Angalia umbali uliopo kati ya safu ya kwanza na ya tatu: zaidi ya dola 36,000. Sasa mtu ambaye kadi yake ya kazi imeandikwa "klaudi" anaweza kuangukia safu yoyote kati ya hizo, kutegemea anachokifanya kuanzia asubuhi mpaka jioni. Ofisi hiyo hiyo inakadiria kwamba kati ya 2024 na 2034 nafasi za watengeneza programu na wapimaji wao zitaongezeka kwa asilimia 15, za wasanifu wa mitandao kwa 12, na za wasimamizi wa mifumo zitapungua kwa 4. Kwa hiyo kaka yako na rafiki yako kila mmoja ameshika jedwali la kweli, ila wanazungumzia watu tofauti walioitwa jina moja.

Nayajua haya kwa mwili wangu. Niliwahi kuhama kazi kwa sababu ya jina hilo. Kampuni niliyoiendea iliniita mhandisi wa klaudi, nikaongezewa mshahara, nikafurahi. Kazi yenyewe ilikuwa kupokea maombi: fulani anataka ruhusa ya hifadhidata, fulani anataka seva ya majaribio, fulani amesahau nywila. Nilifungua ukurasa wa usimamizi, nikabofya, nikaandika "tayari", nikafunga ombi. Miezi 11. Siku nilipokwenda kwenye usaili mahali pengine na kuulizwa nioneshe nilichokijenga, sikuwa na cha kuonesha. Mshahara ulikuwa umepanda, ila mimi nilikuwa pale pale. Nisingependa yakukute hayo.

Lakini ipo klaudi nyingine, na hiyo ndiyo inayolipa vizuri. Mwaka 2006 Amazon walipoanza kukodisha hifadhi ya data mwezi Machi na seva mwezi Agosti, seva iliacha kuwa kitu cha kununua na kufunga kwenye kabati, ikawa kitu unachokiagiza kwa mstari wa msimbo, yaani maandishi ya programu. Ndipo kazi ya seva ilipogeuka polepole kuwa kazi ya kuandika. Terraform na Kubernetes ulizoziona kwenye tangazo zote zilitoka mwaka 2014, na zote zinataka ueleze kwa maandishi hali unayoitaka, kisha programu ihakikishe hali hiyo inakuwepo. Google walikuwa wameshaanza njia hiyo tangu 2003, Ben Treynor Sloss alipopewa timu ya kuendesha mifumo na akaijaza wahandisi wa programu. Kanuni yao mojawapo naipenda sana: kazi za mkono zinazojirudia zisizidi nusu ya muda wa mhandisi. Nusu inayobaki ni ya kuandika kitu kitakachozifuta hizo za mkono.

Nikupe tukio moja lijulikanalo. Tarehe 28 Februari 2017 mhandisi mmoja wa Amazon alikuwa anashughulikia kasoro katika mfumo wa ankara wa huduma yao ya hifadhi, S3. Akatoa amri ya kuondoa seva chache. Sehemu moja ya amri aliiandika kimakosa, zikaondoka seva nyingi kuliko zilizokusudiwa, na huduma hiyo katika eneo lao la kaskazini mwa Virginia ikasimama kwa takriban saa nne, pamoja na tovuti nyingi zilizoitegemea. Walichokifanya baadaye ndicho ninachotaka ukione: walikibadilisha chombo chenyewe, kikawa kinaondoa seva taratibu na kinakataa kushuka chini ya kiwango cha chini kinachohitajika. Tiba iliandikwa kwa msimbo. Wewe diski ilipojaa mara ya tatu ulifanya vivyo hivyo. Ukubwa unatofautiana, akili ni ile ile.

Tuje kwenye ile asilimia 15, maana naona imekukaa moyoni.

Wiki 52 za saa 40 ni saa 2,080 kwa mwaka. Asilimia 15 yake ni saa 312. Yaani nyongeza unayopewa ina thamani ya saa 312 za kazi yako. Sasa hesabu wanachokidai. Kila wiki ya tatu ni kama wiki 17 kwa mwaka. Wiki moja ina saa 168. Ukitoa 40 za kazi, zinabaki 128 ambazo huwezi kwenda mbali na kompyuta, huwezi kuzima simu, na usingizi wako ni wa nusu nusu. Zidisha kwa 17, unapata saa 2,176. Gawa 312 kwa hizo. Kila saa ya kushika simu unalipwa kama sehemu moja ya saba ya saa yako ya kawaida. Kwa hiyo huo ni ujira wa zamu uliovishwa nguo ya mshahara. Ukiutoa pembeni, kazi mbili ulizopewa zinalipa sawa.

Na hao watatu wananitia wasiwasi kuliko pesa. Mmoja akienda likizo, zamu inakuwa wiki moja ndani ya mbili. Mmoja akiacha kazi, inakuwa hivyo kwa miezi, mpaka apatikane mwingine. Google katika mwongozo wao wa 2016 waliandika kwamba timu iliyo mahali pamoja, yenye mshika zamu na msaidizi wake kwa wiki nzima nzima, inahitaji watu wasiopungua wanane. Wanane, mwanangu, na wewe unaitiwa watatu. Nimewahi kuishi zamu ya watu watatu. Nilikuwa naisikia simu ikilia hata ilipokuwa imezimwa.

Hata hivyo usidhani upande wa programu hauna simu. Werner Vogels, mkuu wa teknolojia wa Amazon, alisema mwaka 2006 kwamba anayekijenga ndiye anayekiendesha, na kampuni nyingi zimeufuata mwendo huo. Mfumo wa malipo haulali. Waulize hao saba pia: nani anashika simu, kwa zamu ya wangapi, na je, inalipwa?

Suala la akili mnemba sitalirefusha. Vyombo hivi vinaandika msimbo kweli, nami navitumia kila siku. Lakini kinachoandika Python kinaandika na Terraform pia, tena kwa ujasiri ule ule hata kinapokosea. Kaka yako amekushauri ukimbie mvua uingie chumba kingine cha nyumba ile ile isiyo na paa. Kazi inayobaki pande zote mbili ni ya mtu anayeweza kuusoma msimbo ulioandikwa na mwingine, awe mtu au mashine, akasema hapa patavunjika, na sababu ni hii. Ujuzi huo haupatikani kwa kusoma peke yako usiku. Unapatikana kwa kusomewa: unaandika, mwenzako aliyekutangulia anausoma mstari kwa mstari, anakuuliza kwa nini, unajitetea au unakubali, unarudi kuandika upya.

Hapo ndipo barua yako iliponionesha njia. Mtu wa mifumo mtupu angeishia kwenye grafu inayoshuka. Angeshukuru, angelala. Wewe umerudi kesho yake kuigawa skripti katika sehemu tatu na kuiandikia majaribio, na hakuna aliyekuagiza. Seva unazijua, umezibeba miaka minne. Furaha ya kuona mfumo umesimama unayo, haitakuacha. Usichokuwa nacho ni watu wa kukusoma. Miaka minne umeandika gizani.

Kwa hiyo, kama hizi ofa zimebaki kama ulivyoniandikia, chukua ile ya mhandisi wa programu. Nasema hivyo nikijua unaanzia ngazi ya chini na kwamba utawakuta vijana waliokuzidi cheo. Baada ya miaka mitatu hivi utakuwa mtu anayejua kwa nini seva imezidiwa na anayeweza kuingia ndani ya programu akaiondoa sababu. Watu wa aina hiyo ni adimu. Ukitaka kurudi klaudi wakati huo, utaingilia mlango wa wahandisi wa majukwaa, wanaowajengea watengeneza programu mifumo ya kufanyia kazi, au wa wale wanaosimamia uthabiti wa mifumo, na usaili wa kazi hizo unapima kuandika msimbo kama unavyopima seva. Aliyetoka kwenye programu na anazijua seva huvuka daraja hilo bila shida kubwa. Aliyekaa miaka mitano akibofya anakuta usaili umeshamwacha, kama ulivyoniacha mimi. Umeuliza ipi italipa zaidi baada ya miaka mitano: itakayokuacha ukiwa na vyote viwili, na kwa hali yako hiyo inapitia kwenye msimbo.

Ila nisiihukumu hiyo kazi ya klaudi kwa tangazo peke yake. Yawezekana ni timu nzuri iliyoandikiwa tangazo baya. Kesho asubuhi waandikie, kwa adabu, uwaulize mambo manne. Simu ya zamu ililia mara ngapi usiku mwezi uliopita? Tahadhari ya aina moja ikijirudia mara tatu, nani anapewa muda wa kuimaliza, na anapewa lini? Mabadiliko ya Terraform yanasomwa na nani kabla hayajatumika? Na wanaweza kukutajia kazi 10 za mwisho ambazo mhandisi wao mmoja alizifunga? Hili la mwisho ndilo kubwa kuliko yote. Wakikwambia ruhusa, nywila, seva ya fulani, umeshajua safu utakayoangukia. Wakikwambia tumeandika vipande vya msimbo vinavyotumika tena na tena, tumebadilisha jinsi matoleo mapya yanavyopelekwa, tumepunguza muda wa kurejesha hifadhidata kutoka saa mbili hadi dakika 20, basi pima upya, na mimi mwenyewe nitakuwa wa kwanza kukwambia uende, mradi zamu ya watatu waipatie ufumbuzi kwa maandishi. Timu inayojua simu yake inalia mara ngapi inakujibu siku hiyo hiyo, kwa sababu inahesabu. Isiyojibu mpaka Alhamisi imeshajibu.

Cheti kisikusumbue wiki hii. Kina kazi yake kwa mtu ambaye maombi yake hayafunguliwi, na wewe umeshafunguliwa milango miwili. Baadaye, ukikitaka, ningekusukuma kwenye ule mtihani wa usimamizi wa Kubernetes, kwa sababu ni wa vitendo: saa mbili mbele ya mfumo wenyewe, unarekebisha vitu kwa mikono, hakuna kuchagua jibu. Fahamu tu kwamba tangu Aprili 2024 cheti hicho kinadumu miaka miwili badala ya mitatu. Mwajiri akulipie.

Kuhusu mshahara wa kazi ya programu, usiukubali kimyakimya. Waambie ukweli, kwamba una ofa nyingine iliyo juu kwa asilimia 15 na kwamba moyo wako uko kwao. Wasipoweza kuongeza sasa, omba barua ya ajira itamke kwamba mshahara utaangaliwa upya baada ya miezi sita, na vigezo viandikwe. Ahadi ya mdomo kuhusu mshahara mimi nimeshaacha kuihesabu.

Na kabla ya Ijumaa fanya jambo moja zaidi. Chukua wazo la ile skripti yako, uliandike upya nyumbani kutoka mwanzo, bila jina la seva wala chochote cha mwajiri wako, maana ile ya awali ni mali yake. Utume kwa aliyekusaili katika timu ya watu saba, umwombe mmoja wao auangalie msimbo na akwambie angebadilisha nini. Akikujibu "safi sana" na kuishia hapo, niandikie tuzungumze tena. Akikuuliza kinatokea nini diski ikijaa wakati skripti iko katikati ya kubana faili, saini.

Shangazi